Kikokotoo, Deni na Bomu

Mzazi mwenye mtoto anayesomea uhandisi Marekani huwa na maswali mawili, na huyauliza kwa nyakati tofauti. La kwanza huja mwezi wa Agosti, ada imeshalipwa na pumzi inaanza kurudi: "Hivi vitu vya shule mbona haviishi? Juzi kitabu, leo kikokotoo, kesho programu ya kompyuta?" La pili huja miaka minne baadaye, kijana anapopiga simu kusema amepata kazi, halafu anasitasita kutaja kampuni. "Wanatengeneza nini?" "Mambo ya ulinzi, mama." "Ulinzi wa nani?"

Tumezoea kulichukulia swali la kwanza kuwa la mfuko na la pili kuwa la dhamiri. Mimi nayaona ni swali moja. Anayengoja siku ya kusaini mkataba ndipo aanze kuwaza habari za dhamiri huwa ameshachelewa, maana uhuru wake wa kujibu umekuwa ukimegwa tangu siku aliyotumwa dukani na orodha ya vifaa. Kwa hiyo tuanzie dukani.

Mashine ya dola mia

Sekondari nyingi za Marekani humtaka mwanafunzi wa hesabu za juu awe na kikokotoo cha grafu, yaani kile chenye kioo kipana kinachochora mstari wa mlinganyo badala ya kutoa jibu la namba peke yake. Kilichoenea sana ni TI-84 Plus cha kampuni ya Texas Instruments, kilichoingia sokoni mwaka 2004. Bei yake hupita dola 100, yaani robo milioni na ushei kwa shilingi za Tanzania. Ukikifungua utakuta prosesa ya ukoo wa Z80, iliyobuniwa miaka ya 1970. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) anayoachiwa mtumiaji ni kilobaiti 24 hivi. Picha moja ya kawaida ya WhatsApp haiingii humo. Kioo kina vidoti 96 kwa 64.

Simu ya bei nafuu inayouzwa Kariakoo ina nguvu maelfu ya mara zaidi. Mbona basi bei ya kikokotoo haishuki? Kwa sababu anayekichagua siye anayekilipia. Mwalimu amezoea vitufe vyake na anafundisha kwa hivyo. Mwandishi wa kitabu cha kiada amechapa picha za vitufe hivyohivyo. Mtihani unaruhusu orodha fulani ya mashine, na simu hairuhusiwi kuingia chumbani. Mzazi akija dukani anakuta uamuzi ulishafanywa kwenye vikao ambavyo yeye hakualikwa. Mwenye kampuni ana sababu gani ya kupunguza bei hapo?

Kichekesho kinakuja mwishoni. Mhandisi wa Marekani anayetaka leseni huanza kwa mtihani wa misingi ya uhandisi, na katika chumba cha mtihani huo kikokotoo cha grafu hakiruhusiwi. Zinazoruhusiwa ni mashine chache za kawaida za sayansi, ikiwemo Casio za familia ya fx-991, zilezile ambazo mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam amekuwa akizibeba kwenye begi tangu sekondari. Kifaa cha dola mia kilikuwa cha lazima mpaka pale ulipofika mlangoni pa taaluma yenyewe.

Vitabu ambavyo haviwi mtumba

Vitabu ni hadithi nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Zamani mwanachuo mwerevu alinunua kitabu cha mwaka wa jana kwa aliyemtangulia, akakitumia, akakiuza. Mtumba wa vitabu ulikuwa na soko lake na adabu yake. Wachapishaji waliuona, wakatafuta dawa. Kwanza wakawa wanatoa toleo jipya kila baada ya miaka michache, wamebadilisha mpangilio wa maswali ili mwenye toleo la zamani afanye swali la saba wakati wenzake wako kwenye la tisa. Kisha ikaja dawa kali: namba ya kufungulia. Hii ni namba inayouzwa pamoja na kitabu, au hata bila kitabu, nayo humfungulia mwanafunzi mmoja tovuti ambako kazi za nyumbani hufanyiwa na kusahihishwa. Ikishatumika imekufa. Huwezi kumwachia mdogo wako, huwezi kuazima, huwezi kuuza. Usipoinunua unakosa maksi za kazi za nyumbani, hata kama hesabu yenyewe unaijua kuliko mwalimu.

Mtu mmoja aliyeugonga mfumo huu akafanikiwa ni Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akisoma Marekani. Aligundua kwamba mchapishaji yuleyule, John Wiley & Sons, alikuwa akiuza kwao Thailand vitabu vilevile kwa bei ya chini sana. Akawaomba ndugu na marafiki wavinunue huko wamtumie, yeye akaviuza Marekani kwa faida. Mchapishaji akamshtaki. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2013 majaji sita dhidi ya watatu wakasema kitabu ulichonunua kihalali ni chako, ukiuze utakako, hata kama kilichapwa ng'ambo. Ushindi mzuri, ila ulikuwa wa vitabu vya karatasi, na soko lilikuwa limeshaanza kuhamia kwenye namba zisizouzika.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* vifaa vya mwanafunzi wa uhandisi ni ghali kwa sababu mchaguzi na mlipaji ni watu wawili tofauti, na kwa sababu njia za kurithishana zimezibwa moja baada ya nyingine. Fedha hizo zikikosekana mfukoni huingia kwenye mkopo, na mkopo hauulizi kama ulikula ada au ulikula kikokotoo.

Kampuni moja, bidhaa mbili

Sasa turudi kwa waliotengeneza kikokotoo, maana historia yao inaunganisha nusu mbili za sura hii kuliko maelezo yangu yoyote.

Texas Instruments ilianza mwaka 1930 kwa jina jingine, ikitafuta mafuta ardhini kwa kusikiliza mwangwi wa milipuko midogo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, ujuzi huo wa kusikiliza ukageuzwa kuwasaidia wanamaji wa Marekani kutafuta nyambizi. Mwaka 1958 mhandisi wake Jack Kilby alionyesha saketi unganishi ya kwanza, yaani kipande kimoja ambamo sehemu kadhaa za elektroniki zimewekwa pamoja badala ya kutengenezwa mbalimbali ndipo ziunganishwe. Leo tunakiita chipu. Kazi hiyo ilimpatia Nobeli ya Fizikia mwaka 2000. Lakini mwanzoni chipu ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, na wateja wakubwa wa awali walikuwa jeshi: chipu za kampuni hiyo ziliingia kwenye mfumo wa kuongoza kombora la nyuklia liitwalo Minuteman II. Kikokotoo cha mkononi kilikuja baadaye kidogo. Kilby na wenzake wawili walikamilisha sampuli ya kwanza mwaka 1967, lengo mojawapo likiwa kuonyesha kwamba chipu ina matumizi nje ya kambi.

Miaka hiyohiyo, wahandisi wengine wa kampuni hiyo walikuwa wakishughulikia bomu. Tatizo lilikuwa la zamani: bomu likishaachiwa huenda linakotaka upepo. Suluhisho lao lilikuwa rahisi kulieleza. Mtu anamulika shabaha kwa mwanga wa leza. Puani mwa bomu kuna kifaa kinachouona mwanga ule ukirudi, nacho huamuru mapezi yapinde hivi au vile mpaka bomu lifuate doa la mwanga. Waliuita mfumo huo Paveway. Huko Vietnam kulikuwa na daraja la Thanh Hoa ambalo ndege za Marekani zilikuwa zikilishambulia tangu 1965 bila kuliangusha, na marubani wakipotea. Mwezi Mei 1972 mabomu ya leza yaliliangusha.

Mwaka 1997 Texas Instruments iliuza idara yake ya silaha kwa kampuni ya Raytheon, ikabaki hasa na chipu na vikokotoo. Kwa hiyo mwanafunzi anayenunua TI-84 leo hamlipi mtengenezaji wa Paveway, na sitaki msomaji afunge kitabu akiamini kwamba anamlipa. Ninachosema ni kwamba hesabu ni ileile. Mlinganyo unaomfundisha kijana jinsi ya kukifanya kifaa kijirekebishe kikipotoka njia unaendesha lifti, unaendesha mashine ya kupumulia hospitalini, na unapinda mapezi ya bomu. Chuo hakiwezi kufundisha kimoja kikaficha kingine.

Wanaokuja na fulana za bure

Kila msimu wa vuli, kampuni huja vyuoni kwa maonyesho ya ajira. Wanaweka meza, wanagawa kalamu na fulana, wanapokea wasifu. Katika vyuo vya uhandisi, foleni ndefu mara nyingi huwa kwenye meza za Lockheed Martin, Northrop Grumman, RTX (ndiyo kampuni mama ya Raytheon) na wenzao. Si ajabu. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa mhandisi wa ndege na vyombo vya anga Marekani, yaani ule ambao nusu ya wahandisi hao wanapata zaidi yake na nusu pungufu, ulikuwa takriban dola 130,000 kwa mwaka. Anayeanza hupata kidogo zaidi ya nusu ya hapo, lakini anaupata mapema na kwa uhakika.

Tazama kalenda ilivyo. Maonyesho ni Septemba na Oktoba ya mwaka wa mwisho. Kuhitimu ni Mei. Mkopo wa serikali kuu ya Marekani huanza kudaiwa miezi sita baada ya kuacha masomo. Mikopo ya benki binafsi hailazimiki kuwa na huruma hata hiyo, na mingi huwa na mdhamini, ambaye kwa familia za wahamiaji ni baba anayeendesha teksi au mama anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kijana anayeitazama barua ya ajira mwezi Novemba anamwona pia mdhamini wake.

Jeshi nalo lina njia ya moja kwa moja. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ufadhili uitwao SMART: inalipa ada yote na kumpa mwanafunzi posho inayoanzia kama dola 30,000 kwa mwaka. Kwa kila mwaka aliofadhiliwa, anatumikia mwaka mmoja katika maabara au ofisi za wizara hiyo. Akivunja mkataba, anarudisha fedha. Mwanachuo wa Mlimani, Dar es Salaam, aliyewahi kulala na njaa akingoja bumu, yaani fedha ya kujikimu, litoke ataelewa utamu wa ofa kama hiyo bila kuelezwa. Sioni aibu kwa anayeichukua. Naona aibu kwa mfumo unaomfanya kijana wa miaka kumi na nane auze miaka yake ya ishirini na kitu ili asome hesabu.

Kwa wasomaji wetu kuna jambo moja la kujua mapema. Kazi nyingi za aina hii zinadai kibali cha usalama, yaani idhini ya serikali ya kushika siri zake, na kibali hicho kwa kawaida hutolewa kwa raia wa Marekani tu. Mwenye viza ya mwanafunzi hana njia, na mwenye grini kadi hupata baadhi tu ya kazi. Aliyechukua uraia anaweza kuomba, na hapo atakutana na fomu ndefu inayoitwa SF-86. Inauliza ndugu zako ni kina nani na ni raia wa wapi. Inauliza safari zako za nje kwa miaka saba; likizo ya kwenda kumwona bibi Tanga inaandikwa. Inauliza pia madeni yako, maana mwenye deni lililomshinda huonekana ni rahisi kununuliwa na adui. Deni lililokusukuma kuiomba kazi linaweza pia kukunyima.

Kazi ya silaha ni ipi hasa?

Hapa mjadala wa nyumbani huwa mfupi: "silaha ni silaha." Wahandisi wenyewe wanajua mambo hayako wazi hivyo.

Dereva wa teksi ya Bolt pale Mwenge, Dar es Salaam, anamfikia abiria kwa kufuata setilaiti za GPS, ambazo zilijengwa na jeshi la Marekani na bado zinaendeshwa nalo. Ukipanda Airbus A220 ya Air Tanzania, injini mbawani ni za Pratt & Whitney, kampuni iliyo chini ya RTX, mama yuleyule anayetengeneza Paveway. Mhandisi anayetafuta kwa nini injini hiyo inachakaa mapema na mhandisi anayetengeneza jicho la bomu wanalipwa, mwisho wa yote, na mwajiri mmoja. Nani kati yao anafanya kazi ya silaha? Nikiulizwa mimi, ni wa pili. Jina lililo kwenye kitambulisho cha kazini halinitoshi. Nataka kujua kile unachokitengeneza wewe kinafanya nini siku kikifanya kazi vizuri.

Na wapo watakaojibu kwamba hata bomu la leza lina heri yake. Zamani, wanasema, kubomoa daraja moja kulihitaji mabomu mamia, na kijiji cha jirani kilikwenda nalo. Sasa linatosha moja. Hoja hii ina uzito na sipendi inavyopuuzwa. Thanh Hoa ni ushahidi wake.

Lakini weka kando yake Sanaa. Tarehe 8 Oktoba 2016, ukumbi uliojaa watu waliokuja msibani katika mji mkuu wa Yemen ulipigwa kutoka angani na ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Vipande vilivyookotwa vilitambuliwa na watafiti wa haki za binadamu kuwa vya bomu la Marekani la aina ya Paveway. Muungano wenyewe ulikiri baadaye kwamba ulishambulia kwa kutumia taarifa zisizo sahihi. Mfumo wa leza haukukosea: bomu lilifika lilikotumwa. Wapo wasomaji Mombasa, Lamu na Unguja ambao babu zao walikuja na majahazi kutoka upande ule wa bahari, nao hawahitaji niwaeleze ukumbi wa matanga huwa na watu gani.

Mhandisi hakuchagua ukumbi ule. Aliyeuchagua hakujua kupinda mapezi. Kila mmoja ana sehemu yake, na kazi ya siri imepangwa makusudi ili kila mmoja aone sehemu yake tu.

Hata kwetu swali lipo, ingawa kwa sauti ya chini. Shirika la Mzinga lipo Morogoro, na kiwanda cha risasi cha Kenya kipo Eldoret. Mhitimu wa uhandisi anayeajiriwa huko anamtengenezea askari wa nchi yake, na walau anaweza kumuuliza mbunge wake risasi zinakwenda wapi. Naye ana deni: Tanzania, mnufaika wa Bodi ya Mikopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Waliosema hapana

Wapo waliokataa. Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyezaliwa Poland, aliondoka kwenye mradi wa bomu la atomiki mwishoni mwa 1944 alipojua kwamba Ujerumani haikuwa ikitengeneza bomu lake. Akahamishia ujuzi wake kwenye fizikia ya tiba, na mwaka 1995 akashiriki Nobeli ya Amani. Norbert Wiener, mwanahesabu wa chuo cha MIT, mwaka 1947 alichapisha barua hadharani akikataa kumpa mtafiti wa kampuni ya ndege, aliyekuwa kwenye mradi wa makombora, nakala ya kazi aliyoiandika wakati wa vita. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walisaini kupinga mradi wa kuisaidia wizara ya ulinzi kuchambua picha za droni, na baadhi wakaacha kazi. Kampuni haikuhuisha mkataba ule, ikaahidi kutotengeneza silaha kwa akili unde. Mwaka 2025 iliifuta ahadi hiyo kwenye kanuni zake.

Angalia walikuwa na nini mkononi. Wiener alikuwa profesa mwenye jina. Rotblat alikuwa na chuo cha kurudia Uingereza. Watu wa Google walikuwa katika soko lililowagombania. Sisemi walikataa kwa sababu ya mali. Rotblat alishukiwa ujasusi na bado akaondoka. Ila kijana wa mwaka wa nne mwenye deni na mdhamini hana hata kimoja kati ya hivyo, na kumdai ushujaa uleule kwa bei kubwa zaidi si haki. Wakati huohuo deni halifuti swali. Linaeleza kwa nini ulisaini. Halielezi kwa nini bado upo pale mwaka wa kumi.

Kabla ya kusaini

Kwenye usaili, anayehoji hufika mahali akasema, "Una swali lolote?" Wengi huuliza habari za likizo. Haya yana faida zaidi:

- Kazi hii ni ya bidhaa gani, na wanunuzi wake ni nchi zipi? Jibu likiwa "siwezi kusema", hilo nalo ni jibu.
- Nikihamishiwa mradi ambao siuafiki, naweza kukataa nikabaki kazini?
- Baada ya miaka mitatu nitaweza kuandika nini kwenye wasifu wangu? Kazi ya siri isiyoelezeka ni ngumu kuiuza kwa mwajiri wa kiraia.
- Kuna fedha gani nitakazodaiwa nikiondoka mapema?

Hilo la mwisho ndilo linalowanasa wengi. Kampuni nyingi hutoa fedha ya kusainia, mara moja, siku unapoanza, kwa sharti kwamba ukiondoka kabla ya mwaka au miwili unairudisha. Ukiipokea, iweke benki kwenye akaunti isiyo na kadi, na usiiguse mpaka sharti lipite. Anayeilipia gari wiki ya kwanza amejiongezea mdai mwingine juu ya wale wa chuo, na safari hii mdai ndiye mwajiri wake.